Ng'ombe Wasionuka

Nyamwiza alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akaketi sawasawa, akajiandaa kutapika.

Kutapika kwa adabu ni ufundi, naye alikuwa ameupata kazini kwa miaka kumi na minne. Unaomba radhi. Unatoka kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu nje. Unazunguka nyuma ya nyumba, unamaliza, unasukutua, kisha unarudi ukisifia chakula. Mwenye nyumba akiwa mwelewa, haulizi.

Wifi yake, Kemilembe, alikuwa bado amepiga magoti mbele yake. Kamugisha, kaka yake, alisimama mlangoni akijifanya anaikagua migomba. Ilikuwa mara ya kwanza Nyamwiza kukanyaga nyumba ile tangu wamzike baba yao, miaka minne iliyopita.

"Kunywa, wifi," alisema Kemilembe. "Nimeyakamua asubuhi hii. Mabichi, kama alivyoyapenda marehemu. Ya ng'ombe wetu, Bihogo."

Nyamwiza aliinamisha uso. Juu kabisa ndani ya pua yake, mahali ambapo kidole hakifiki, palikuwa na utando hai mdogo kama ukucha, uliopandikizwa akiwa na miaka ishirini na saba. Utando ule ulinasa kitu ambacho pua ya mtu wa kawaida haikijui: mvuke unaotoka pale mwili unapopigana ndani kwa ndani. Mtu akimpita njiani alijua kama tumbo lake linawaka. Nyama iliyoning'inia buchani ilimsimulia maradhi ya mnyama. Na maziwa ndiyo yalikuwa mabaya kuliko vyote, maana kila titi lina ugomvi wake mdogo, na maziwa huubeba ugomvi huo mpaka kikombeni. Kwake yalinuka kama bandeji iliyosahauliwa mguuni wiki mbili.

Alingoja ile bandeji. Haikuja.

Alivuta pumzi tena, kwa nguvu zaidi. Moshi wa chombo cha mti kilichofukizwa. Majani. Utamu kidogo. Basi. Alionja kwa ncha ya ulimi, akameza, akangoja tumbo ligome. Halikugoma. Akanywa kikombe kizima, akakirudisha, Kemilembe akakijaza, naye akakimaliza, na cha tatu pia, maziwa yakimchuruzika kidevuni kama mtoto. Alipoinua macho alimwona wifi yake analia huku anacheka.

"Miaka kumi na minne," alisema Nyamwiza.

"Dawa ya Tulivu hiyo," alisema Kamugisha, na sasa akaingia ndani, akaketi. "Walitupa nyumba ishirini, ng'ombe mmoja mmoja, tujaribu. Mwaka wa pili huu Bihogo hajaharisha hata siku moja. Kila miezi mitatu kidege kisicho na rubani kinaleta chupa, namdunga mwenyewe." Aliinamisha kichwa. "Kesho unawakagua wale mitamba mia tatu waliodungwa vilevile, kabla hawajagawiwa. Sikuombi kitu, Nyamwiza. Nakwambia tu kwamba jina langu limo kwenye orodha."

Hakuhitaji kusema zaidi. Baba yao alikuwa na ng'ombe sitini na wanne, pembe zao zikifika mbinguni, kama alivyopenda kujigamba. Nyamwiza ndiye aliyepita kati yao na pua yake mpya akasema wote wana kikondo, ugonjwa wa kuharisha mpaka kufa. Walichimbiwa shimo moja. Mzee hakumtukana. Alisema tu, mbele ya watu, "Kumbe nilizaa nzi," na hakusema naye tena mpaka anakufa.

*

Zizi la karantini la Rwamisha lilikuwa juu ya kilima, limezungushiwa waya, na mitamba mia tatu na kumi na wawili walikuwa wamo. Walipendeza. Ngozi zilimeta kama zimepakwa samli. Nje ya waya tayari walikuwapo watu wachache waliotoka mbali, wamekaa kwenye nyasi na kamba zao, wakichagua kwa macho. Kaya mia moja na nne zingepata mitamba watatu kila moja, baada ya miaka kumi ya mazizi matupu.

Mutalemwa, mshika ng'ombe na mchinjaji wa kituo, mtu mnene asiyependa maneno, aliinua mkia wa mtamba wa kwanza. Nyamwiza alikinga kiganja kilichovaa glovu, akaleta mavi ya moto hadi puani.

Watu walidhani wanusaji wamezoea. Hakuna anayezoea. Kila asubuhi koo lake lilijifunga kama mfuko, na kila asubuhi alilifungua kwa lazima, kwa sababu mashine zilikiona kikondo pale tu mavi yalipokwisha kujaa vijidudu, na pua yake ilikiona miaka miwili kabla.

Alichokuwa akinusa si kijidudu chenyewe. Mwili una askari wa zamu, seli zinazozunguka usiku na mchana bila kungoja amri ya mtu. Haziulizi jina. Kinachoingia kigeni, zinakimeza na kukisaga. Kijidudu cha kikondo kinapenda kumezwa. Kinaingia ndani ya askari katika ukuta wa utumbo, hakisagiki, kinafanya tumbo la askari nyumba, kinazaa humo. Mwili unatuma askari wengine, nao wanamezeshwa vilevile, na wengine nyuma yao, kwa miaka. Hakuna anayeshinda na hakuna anayeondoka. Ukuta wa utumbo unavimba mikunjo kwa mikunjo kama ubongo, chakula kinapita bila kunyonywa, na ng'ombe anakula kutwa nzima huku anakufa njaa, akimwaga maji ya kijani nyuma. Vita hivyo vilinuka nywele zilizoungua zikachanganywa na asali iliyooza.

Hata ng'ombe mzima hanyamazi kabisa. Utumbo ni mji, na mji haukosi vibaka. Daima kuna kaharufu ka kuungua, kadogo, ka ugomvi wa hapa na pale.

Mavi ya mtamba wa kwanza yalinuka majani. Ya wa pili, majani. Ya wa kumi, majani. Alipofika wa hamsini na tatu alisimama, mavi yakimpoa kiganjani.

"Vipi?" aliuliza Mutalemwa.

"Hawanuki."

"Si ndiyo vizuri?"

Alitafuta namna ya kumweleza. Ni kama kuingia mji wa watu elfu kumi, sokoni, saa nne ya asubuhi, usisikie hata kikohozi. Huwezi kusema mji huu una amani.

"Sheria inaniruhusu kupasua mmoja katika kila mia," alisema. "Nipasulie huyu."

Mutalemwa alimtazama yule mtamba, mweupe mwenye madoa, kisha akamtazama Nyamwiza kama mtu anayeombwa avunje chungu kipya. Lakini alikwenda kuchukua kisu.

Ilipofika saa tano tumbo lilikuwa wazi juu ya turubai. Nyamwiza alipiga magoti, akauvuta utumbo mwembamba pima kwa pima, ukimteleza mikononi kama kitu kinachotaka kurudi kilikotoka. Alitazamia ile mikunjo ya ubongo. Haikuwapo. Ukuta ulikuwa laini, wa waridi, mwembamba kama kitambaa cha bibi harusi. Alipasua kipande cha mwisho kwa mkasi, akakifungua kama kitabu. Safi. Inzi walikuwa hawajafika bado, na hakuna kilichonuka ila damu na majani.

Mdomo wake ulianza kujaa mate. Hakujua kwa nini. Alikuwa ameingiza mikono katika matumbo yaliyooza yakapasuka usoni pake, na hakuwahi kuhisi kinyaa cha namna hii.

Alikwangua ukuta kwa kijiko. Ute ukatoka, mwingi kuliko inavyostahili, mzito, mweupe kama uji wa mgonjwa. Ukaendelea kutoka. Alipaka kidogo kwenye kioo, akakitia rangi, akakiweka chini ya hadubini ya mezani, akainama.

Vijidudu vya kikondo hushika rangi nyekundu. Aliona wekundu tu. Askari wa utumbo walikuwa wamepangana safu kwa safu, wametulia, wazima kabisa, na kila mmoja amejazwa vijiti vyekundu mpaka kwenye ngozi, kama gunia la mchele lililoshonwa likitaka kupasuka. Hakuna aliyepigana. Walikuwa wamelala na adui tumboni.

"Huyu angeishi miaka mingapi?" alisikia Mutalemwa akiuliza nyuma yake.

"Kumi na tano. Na kila bonge la mavi, na kila tone la..."

Alikumbuka mabichi, kama alivyoyapenda marehemu. Alikumbuka yakimchuruzika kidevuni. Vikombe vitatu. Hakuomba radhi wala hakuzunguka nyuma ya kitu chochote. Alitapika palepale, juu ya turubai, juu ya mikono yake mwenyewe, na tumbo lilipokwisha aliingiza vidole kooni akatafuta zaidi, ingawa alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale kwamba yale maziwa ya jana hayakuwa tumboni tena.

*

Daktari Ishengoma alimkuta saa nane katika chumba cha chakula cha kituo, au tuseme Nyamwiza ndiye aliyemkuta, maana mzee alikuwa tayari mezani, kitambaa kimechomekwa kolani, anakula. Ndiye aliyebuni Tulivu. Zamani chuoni ndiye aliyemfundisha Nyamwiza, na ndiye aliyemshika mkono siku ya kupandikizwa pua.

"Kaa, mwanangu. Mutalemwa kaniambia umeona."

"Ulijua, Mwalimu?"

"Nilijua? Ndivyo nilivyoitengeneza." Alisema bila haya wala majivuno. "Umewaona wangapi wakifa kwa kikondo? Kijidudu hakimuui ng'ombe. Kingemuua kingelala wapi? Kinachomuua ni vita. Ni askari wake mwenyewe wanaobomoa nyumba kumtafuta mwizi. Nilihangaika miaka ishirini kumuua mwizi, nikashindwa. Basi nikawalaza askari."

"Na mwizi?"

"Yumo. Ameshiba, hana fujo. Ndoa ngapi unazijua za namna hiyo?"

Nyamwiza hakucheka. Alikuwa akimnusa. Kwa miaka mingi alimjua mzee yule kwa harufu kabla ya sura: alikuwa na kikondo cha watu, kile kilichoanza kuonekana kwa wafugaji, na darasani alikuwa na ndoo nyuma ya pazia. Sasa, kwa umbali wa mkono mmoja, hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kukaa mbele ya picha yake.

"Umejidunga."

"Mwaka na miezi miwili. Nimeongezeka kilo kumi na tisa. Nalala na mke wangu kitanda kimoja." Aliinua kijiko. "Na ninakula."

Hapo ndipo Nyamwiza alipoangalia bakulini. Ndizi, mchuzi mwekundu, na vipande vya kitu laini, cha waridi, kilichokatwa pete pete.

"Mwalimu. Utumbo huo umetoka wapi?"

"Umechemka kwa saa mbili. Moto unaviua, unajua hivyo." Alitafuna polepole, akameza, Nyamwiza akaona koo lake likipanda na kushuka. "Nilitaka uone kwamba siogopi nilichokitengeneza."

"Watu hawatachemsha maziwa," alisema Nyamwiza. "Wanayanywa mabichi, wanayagandisha, wanawapa watoto. Unawajua."

"Watakaougua watadungwa, kama mimi."

"Dozi ikichelewa?"

Mzee alikoroga mchuzi.

"Mwalimu, ikichelewa? Kidege kikianguka, kiwanda kikifungwa, wewe ukifa?"

"Askari wanaamka."

"Wangapi?"

"Wote," alisema Ishengoma. "Kwa mpigo. Na wanaikuta nyumba imejaa." Aliweka kijiko chini, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Lakini ng'ombe asiye na Tulivu anakufa hakika. Mwenye Tulivu anakufa labda. Hao walioko nje na kamba, unataka kuwapa kipi? Huna cha tatu, Nyamwiza. Ungekuwa nacho ungenionyesha."

Mzee alitoa mfukoni kichupa kidogo, akakisukuma mezani mpaka kikagusa vidole vyake. "Hiki nimekuwekea wewe. Ule utando wako ni askari walewale, nao watalala. Utarudi kuwa mtu, ule nyama, ukumbatie watu. Na kesho karani atakuuliza swali moja tu lililomo kwenye fomu: umenusa vita? Jibu kwa haki. Ukisema hapana, hutakuwa umesema uongo hata kwa Mungu."

Nyamwiza alikaa na kichupa jioni yote, juu ya jiwe nyuma ya kituo. Alimfikiria Rugemalira, mume wake wa miaka mitatu, mpole, aliyekuwa na vidonda vya tumbo. Kila alipomgeukia kitandani pumzi yake ilikuwa kama kufunua kaburi, naye aliziba mdomo akasingizia usingizi, mpaka siku moja akafungasha, kwa sababu hakuna namna ya kumwambia mtu mwema kwamba unamwonea kinyaa. Alifikiria mchuzi wa nyama. Alifikiria kaka yake akimwingiza Bihogo zizini, akimpiga kofi la upendo pajani. Kumwambia mtu kama yule ang'oe tena zizi lake, kwa jambo ambalo huenda lisitokee! Alikigeuza kichupa kwenye mwanga wa jua la kuzama. Maji tu, meupe. Kisha alifikiria wale askari chini ya hadubini, walivyojipanga kwa utulivu, wamevimba, na mate yakamjaa tena mdomoni.

*

Asubuhi ya pili watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Kila kaya na kamba zake. Akina mama walikuwa wamefunga vitambaa vipya. Kamugisha alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti la baba yao.

Karani aliinua kibao cha idhini chenye alama mbili, ya kijani ya kuwagawa na nyekundu ya kuwaua, zinazongoja kidole gumba cha mnusaji; cha mtu mwingine yeyote hakitafaa. Alisoma kwa sauti: "Mnusaji, umenusa vita?"

"Hapana," alisema Nyamwiza.

Vigelegele vilipasuka. Vilidumu muda mrefu, na alivingoja viishe kwa sababu hakutaka kuvikata.

"Sikunusa vita kwa sababu hakuna anayepigana," alisema. "Kikondo kimo ndani yao wote. Nimempasua mmoja, nimeona kwa macho yangu. Dawa haikukiua, imekifichia nyumba. Kimo kwenye mavi yao, kimo kwenye maziwa. Nami nimeyanywa."

Bibi mmoja aliyeegemea mwanzi, kamba tatu shingoni, alisogea mpaka kwenye waya.

"Waitu, mwanangu, watakufa?"

"La, bibi. Wakidungwa kila miezi mitatu, maisha yao yote."

"Maziwa watatoa?"

"Watatoa."

"Na sisi tutakufa?"

"Sijui. Wengine wetu. Miaka ijayo."

"Mimi nina miaka sabini na miwili," alisema bibi, bila hasira. "Mwaka wa kumi huu nakula ndizi na chumvi. Hiyo miaka ijayo unayoniambia ni ya nani?"

Watu waliguna nyuma yake, wakasogea, na kamba zikaanza kufunguliwa. Nyamwiza aliwatazama usoni mmoja mmoja, akajua jibu lao. Walikuwa wameambiwa kila kitu, wamesikia, na bado walikuwa wanawataka. Angewaachia wachague, wangechagua kijani wote, na hakuna hakimu duniani ambaye angesema hawana haki.

Hakuwaachia. Alibonyeza nyekundu.

Kufuli za lango zilijifunga kwa mlio mmoja. Karani alikishika kibao kana kwamba kimemuungua. Na sauti aliyoijua kuliko zote, iliyofanana na ya baba yao kama koti lile, ilisema kwa utulivu kutoka mstari wa mbele:

"Nzi."

Kazi ya kuua ilichukua siku mbili. Nyamwiza aliomba aifanye mwenyewe na Mutalemwa, na hakuna aliyewazuia. Kile kichupa alikitupa shimoni siku ya kwanza, pamoja na glovu. Daktari Ishengoma aliondoka na akiba yake ya Tulivu bila kuaga, na videge havikuruka tena. Ng'ombe ishirini wa majaribio walikusanywa kutoka majumbani. Walipohesabiwa walikuwa kumi na tisa. Zizi la Kamugisha lilikutwa tupu, limefagiliwa, na mwenyewe akaapa kwamba Bihogo alikufa kwa kuumwa na nyoka.

*

Kemilembe alimpigia simu mwezi wa nne tangu siku ile, saa tisa ya mchana. Hakusalimu.

"Tuko kwetu, kwa wazazi wangu, nyuma ya kilima cha Kafunjo. Njoo, wifi. Usimwambie mtu."

Harufu ilimpokea barabarani, kabla hajaliona hata paa. Nywele zilizoungua, asali iliyooza, lakini nzito namna ambayo hakuwahi kuijua, kama mlango wa tanuri umefunguliwa usoni pake. Mara mbili alisimama akashika mgomba. Alipofika uani macho yalikuwa yanamtoka machozi yenyewe.

Kibanda cha nyuma kilikuwa kimepakwa kijani. Kuta, nguzo, dari ya nyasi. Chini maji ya mavi yalifika kwenye kifundo cha mguu, yakiwa na povu na vipande vya ngozi ya utumbo vinavyoelea kama maganda. Katikati yake alilala Bihogo. Siku tisa tu, alisema baadaye Kemilembe, siku tisa tangu aanze. Mifupa ya nyonga ilikuwa imetoboa manyoya. Chini ya taya uvimbe wa maji ulining'inia kama kibuyu. Na alikuwa anakula. Kila alipowekewa fungu la nyasi mdomoni alitafuna kwa pupa, akameza, na nyuma maji yakamwagika.

Kamugisha alikuwa amekaa ndani ya yale maji, kichwa cha ng'ombe pajani, akimlisha. Nguo, nywele, ndevu, vyote vya kijani. Aliinua macho. Hakuomba radhi, na Nyamwiza hakuja kuidai.

"Anakula," alisema Kamugisha. "Ona, anakula. Kwa nini hashibi?"

Nyamwiza alivua viatu. Aliingia, ule uvuguvugu ukampanda kwenye miguu, akaketi upande wa pili wa kichwa, akajaza bomba la sindano dawa ya kuulia. Kaka yake aliliona, akasita, kisha akamgeuzia Bihogo shingo, akaupapasa mshipa kwa kidole gumba ili amwonyeshe pa kuchoma. Ilichukua dakika moja. Nyasi zilibaki mdomoni.

Hawakuinuka. Inzi walitua juu yao wote watatu bila kubagua. Na pale, Bihogo alipokwisha kunyamaza na harufu yake ikaanza kushuka kama moto uliomwagiwa maji, Nyamwiza alinusa nyingine. Ndogo. Nywele moja, imegusa mshumaa. Alidhani ni mabaki. Alisogeza uso kushoto, ikapungua. Akausogeza kulia, kwa kaka yake, ikaongezeka.

Kemilembe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji safi. Upepo ulitoka kwake. Naye pia.

Angeweza kunyamaza. Ingekuwa huruma, na pengine miaka mitano ya usingizi mzuri kwa watu wawili. Lakini alishaona kinachotokea ndani ya kitu kilicholazwa.

"Kaka," alisema. "Kimeanza kwako. Kwako na kwa wifi. Kidogo sana, bado mapema. Mnapigana, na hilo ni jema kuliko kutopigana. Nitatafuta dawa ya kweli, nitazunguka kila mahali. Ila kimeanza."

Kemilembe aliweka ndoo chini taratibu, maji yasimwagike. Kamugisha aliondoa nyasi moja moja kutoka kwenye meno ya ng'ombe.

"Wewe ulikunywa vikombe vitatu," alisema mwishowe.

"Vitatu."

"Na kwako kimeanza?"

"Sijui. Mnusaji hajinusi. Pua imeizoea damu yake mwenyewe."

Kamugisha alipanguza uso kwa kiwiko, ambacho hakikusaidia kitu, akainama juu ya shingo ya ng'ombe mpaka pua yake, ile ya kawaida, aliyozaliwa nayo, ikagusa shingo ya dada yake chini ya sikio. Akavuta pumzi ndefu, kwa makini, macho amefumba.

"Unanuka mavi," alisema. "Mavi tu, mdogo wangu."

Akamshika mkono, akamvuta juu, wakaenda kutafuta majembe.